Kaka naomba za buku

Juzi nimemtuma mtoto wa kaka akaninunulie dawa ya mgongo, kafika getini akarudi, shangazi, ni ile ya rangi gani? Nimecheka mpaka mgongo ukazidi. Ndo tunavyonunua dawa huku kwetu lakini, ile ya njano, ile ya pinki, ile ya rangi mbili. Mimi rangi niliachana nazo siku ile ya soko la Mbuyuni.

Mwaka wenyewe siutaji. Nilikuwa nimeshaanza fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 kila asubuhi, usingizi ndo unarudi rudi, mara jino likaamka. Kulipokucha nikapanda boda kutoka Pasua, shavu limejaa, nikaenda duka la dawa pale karibu na soko. Jumamosi, watu wamejaa. Nikafika dirishani, kaka naomba diklofenaki za buku.

Hakutoa. Akauliza kwa sauti kubwa tu, "Dada, kuna dawa nyingine unatumia?"

Sasa hapo. Nyuma yangu kuna mama mmoja wa jumuiya yetu na kapu lake la ndizi, nimeshamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, pole na jino. Nyuma yake kondakta wa haisi anahesabu chenji. Wote wakanyamaza, au labda hawakunyamaza, ni masikio yangu tu. Nikisema hapana napewa vidonge vyangu naondoka, jumuiya naenda kwa amani, nani atajua? Jino linapiga. Nikainama mpaka paji la uso likagusa nondo za dirisha nikasema, fluoksetini. Eeh? Nikarudia. Eeh? Ya tatu sijui niliitoa kwa sauti gani ila kondakta aliacha kuhesabu.

Kijana hata hakushtuka. Akainama na yeye, sauti ikashuka. Basi diklofenaki sikupi dada, wala ibuprofeni, wala aspirini. Akanieleza haraka haraka, kumbe zile chembe sahani za damu zinahitaji serotonini ili zishikane zizibe kidonda, na dawa yangu inazizuia kuichukua, halafu diklofenaki nayo inapunguza ute unaolinda tumbo, zikikutana unaweza kuvuja damu tumboni. Siyo kila mtu yanamkuta, wengine daktari anawapa zote na omeprazo ya kulinda tumbo juu yake, ila wazee na wenye vidonda vya tumbo hatari yao ni kubwa zaidi. Choo kikitoka cheusi kama lami usisubiri, hospitali. Tramado, ile ya maumivu makali, ndo usiguse kabisa bila daktari, hiyo na fluoksetini zinaweza kukuletea degedege. Nikamuuliza, nikiiruka hii ya asubuhi siku mbili tatu je? Akasema haisaidii, inakaa mwilini wiki kadhaa. Nikapewa parasetamoli za miligramu 500, mbili mbili, zisizidi nane kwa siku, na dawa za mafua nisome pakiti kwanza maana nyingi zina parasetamoli humo humo. "Na jino kang'oe."

Nililing'oa Jumatatu. Hadi hapo parasetamoli ilituliza nusu nusu, nisidanganye.

Jumuiya iliyofuata niliingia nimejikausha. Yule mama kimya, tumesali, tumesoma, matangazo, kimya. Tunaosha vikombe ndo akanivuta upande wa migombani, nikajua haya, leo naombewa. Akauliza polepole, "Mwanangu, ile ya kwako haipatani na hizi za magoti? Maana mimi nameza zote mbili."

Zote mbili? Zote mbili, tangu alipofiwa na mzee.

Nikamwambia ile ya asubuhi asije akaiacha ghafla, ya magoti ndo akaiulize, tena wiki hii hii, umri wake ule, na yule kijana anajua vizuri sana. Akanitazama.

"Pale dirishani? Na foleni ile?"

Nikasema basi mama twende wote, nitasimama nyuma yako nizibe. Akasuuza kikombe kilichokuwa kimeshasuuzwa, akasema ataona.