Nilivyoweza kuingia kwenye mashine ya MRI
Kipimo cha CT, zile picha za eksirei za ndani ya mwili, hakikunisumbua. Ile ni pete tu, unapita unatoka. MRI, inayopiga picha kwa sumaku ukiwa umelala ndani ya bomba jembamba, ndiyo iliyonitoa jasho. Ilikuwa ya uti wa mgongo, kuangalia kama saratani ya titi imesambaa. Nilibonyeza kipira cha dharura, wakanitoa.

Kilichonisaidia ni kufunikwa macho kabla kitanda hakijaanza kusogea. Ukishaiona ile dari iko puani, basi tena! Daktari aliniandikia pia kidonge cha diazepam cha kutuliza, kwa hiyo dada alinisindikiza na kunirudisha nyumbani. Halafu nilimwomba mhudumu anitajie kwenye spika muda wa kila picha. “Hii dakika nne, mama.” Nne naziweza.

Kipimo cha nyonga waliniingiza miguu kwanza, kichwa kikabaki karibu na mlango.