Siku moja maishani mwangu: michoro ya gada za daraja, Kigoma

Saa 1:00 asubuhi. Umeme upo, nawasha kompyuta kabla hata ya chai. Nachora michoro ya karakana. Mhandisi mbunifu anachora daraja zima, mimi nalivunja vipande: kila pleti, kila tundu, kila mshono wa kuchomelea, hadi fundi wa kukata asibaki na swali.

Daraja tulilonalo ni la mita 24. Kila gada, yaani boriti kuu ya chuma inayobeba daraja, inagawanywa vipande vitatu vya mita 8, ili lori lipite kwenye kona za barabara ya vumbi, na ili maungio yasikae katikati, ambako gada inaelemewa zaidi.

Saa 3:00. Hapa ndipo asubuhi yote inapoishia. Bolti za maungio ni M24, yaani kipenyo cha milimita 24, matundu milimita 26. Mchoro wa mbunifu unaonyesha pleti ya kukaza webu (ule ukuta wa wima wa gada) ikiwa milimita 25 tu kutoka katikati ya safu ya mwisho ya bolti. Nati inakaa vizuri. Soketi ya spana haiingii. Nakwenda karakanani kupima soketi yenyewe.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hapo utamfunga mtu mikono akiwa juu ya mto."

Sina ruhusa ya kuisogeza pleti kwa akili yangu, hata kama naona jibu. Naandika swali, naambatanisha mchoro mdogo, namtumia mhandisi. Kabla ya saa 6:00 amejibu: isogezwe hadi milimita 60.

Saa 7:00 mchana, ugali kwa dagaa na mawese. Kila nikiiwaza Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, nawaheshimu waliochora kabla yetu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikapakuliwa Dar es Salaam, ikapanda reli hadi hapa Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915. Fikiria alama zilizokuwa kwenye vile vyuma.

Saa 8:00. Ndiyo kazi ya mchana: alama. Gada inatengenezwa ikiwa imepanda kidogo katikati, zege likimwagwa inashuka na kunyooka. Kwa hiyo kipande cha mwanzo na cha mwisho vinafanana kwa macho, lakini ukivigeuza matundu hayakutani. Kila kimoja nakipa namba na mshale wa upande wa kukalia, na naandika kwamba namba ipigwe kwa stempu ya chuma, kwa kuwa chaki haivuki hatua ya rangi. Kisha uzito, kwa ajili ya kreni: pleti ya milimita 20 ina kilo 157 kila mita ya mraba.

Saa 10:30. Nachapa toleo B. Karatasi za toleo A nazikusanya mwenyewe, meza kwa meza, hata ile iliyobandikwa karibu na mashine ya kutobolea. Fundi mkuu anaikagua mpya kwa futi mkononi, anataka maungio yachorwe makubwa zaidi. Narudi ofisini kumchorea kwa skeli ya 1:5.