Muhtasibu, kadhi na mipaka ya mamlaka

Huku Tanga, kwenye Mashafii wengi, yaani Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafii, jina la al-Mawardi halipaswi kuwa geni. Alikuwa kadhi wa Kishafii, akafariki Baghdad mwaka 1058. Kitabu chake al-Ahkam al-Sultaniyya kinachambua nani ana mamlaka gani, na yanaishia wapi.

Chukua mizani ya soko la Ngamiani. Kwa al-Mawardi, muhtasibu, yaani msimamizi wa soko na maadili, husikiliza madai ya aina tatu tu: vipimo pungufu, ghushi katika bidhaa au bei, na mwenye uwezo anayechelewesha deni. Mdaiwa akikana, basi. Panahitajika ushahidi, na shauri huenda kwa kadhi. Wala hapelelezi majumbani, ila akipashwa na mtu anayeaminika habari za jambo lisiloweza kurekebishwa baadaye, kama kuua au zinaa. Wanaomfanya muhtasibu polisi wa siri hawajamsoma al-Mawardi.

Na liwali akidhulumu katika kodi? Hilo ni la mazalim, baraza linaloweza kumfuatilia hata bila mlalamikaji. Kwangu hapa ndipo penye uzito: kilichozidi hurudishwa kwa wenyewe, kiwe kimeingia hazina au mfukoni mwake.