Nilivyokula vizuri Tongyeong bila gari wala mwenza

Kila niliyemwambia naenda Tongyeong, mji wa bandari kusini mwa Korea Kusini, alinijibu kwa kuniuliza kwa nini nisiende kisiwa cha Jeju. Au jiji la Busan, Busan kuna kila kitu. Mbongo mmoja anayejifanya mwenyeji wa Korea nzima kwa sababu anaishi Seoul akanimalizia kabisa: huna gari, Kikorea chako ni cha kuombea maji, na uko peke yako, utashindia tambi za dukani. Ndiyo maana naandika haya kwa maringo kidogo.

Usafiri haukunisumbua hata chembe. Treni haifiki Tongyeong, hilo ni kweli, lakini mabasi yapo. Nilipandia Busan, stendi ya Sasang, ikawa saa moja na nusu hivi. Ila stendi ya Tongyeong iko mbali na bandari ya zamani, kwa hiyo ukishuka panda basi la mjini hadi soko la Jungang. Na Google Maps iache, mimi huko haikunielekeza njia ya miguu. Weka Naver Map, programu ya ramani ya Wakorea wenyewe.

Kwenye chakula ndiko nilikokutana na ukuta. Huu ni mji wa samaki, na sehemu kubwa ya chaza wa kufugwa wanaoliwa Korea wanatoka kwenye maji yake. Lakini mgahawa wa samaki wa Kikorea mara nyingi haumpikii mtu mmoja, oda inaanzia watu wawili. Wa kwanza, mama mwenye aproni aliniinulia kidole kimoja kuuliza, nami nikainua kimoja, naye akakunja mikono kifuani alama ya msalaba: hakuna. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu walinikubali kwa sharti nilipie sahani ya wawili, won (pesa ya Korea) elfu sitini na ushee. Nikashukuru kwa adabu, nikatoka.

Usiku huo nilikula chungmu gimbap, na mtu asikudanganye kwamba ni chakula cha shida. Ni wali mtupu uliozungushiwa mwani, vipande vya ukubwa wa kidole, na pembeni ngisi wa pilipili na figili iliyochachuliwa. Unachoma kwa kijiti unatia mdomoni. Inasemekana vilitenganishwa hivyo ili visichache haraka wavuvi wakiwa baharini. Kwa won elfu sita au saba nilishiba, na hakuna aliyeniuliza mwenzangu yuko wapi.

Samaki lakini nilikuwa bado nawadai. Asubuhi nikarudi soko la Jungang. Kina mama wamekaa chini kwa mistari, mbele yao mabeseni ya maji na samaki wazima wanaorukaruka. Bei si kwa kilo, ni kwa fungu: watatu au wanne, elfu thelathini hivi. Niliomba mmoja, nikapungiwa mkono niondoke. Basi nikasimama pembeni nikavizia. Nilikuwa namtafuta mtu kama mimi, aliye peke yake, anayeuliza bei na kuondoka. Akatokea mzee mmoja mwenye fimbo ya kupandia milima. Kauliza, katikisa kichwa. Kauliza kwa mwingine, katikisa tena. Nikamfuata. Nikaonyesha beseni, nikamwonyesha yeye, nikajionyesha mimi, kisha nikaweka kiganja katikati kama kisu.

Mzee alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. Tukachukua fungu lenye gayogayo na wengine nisiowajua jina. Mimi ni mtoto wa Tanga, nyongeza siwezi kuiacha sokoni, kwa hiyo nilikodolea macho kijingisi kilichobaki hadi mama akakitupia humo bure. Akawachuna samaki mbele yetu, akakata minofu myembamba, akaikamua kwa taulo hadi ikakauka.

Sahani unaipeleka mwenyewe kwenye mgahawa wa jirani, unalipia kiti, majani, vitunguu saumu na mchuzi wa pilipili, elfu chache kwa kila mtu. Samaki mbichi nilimla kwa pilipili nyingi na dua. Usikubali mifupa na vichwa vitupwe: kwa nyongeza ndogo wanakupikia supu kali. Mzee alihangaika kuniachia minofu kama mgeni, kumbe mimi nilikuwa nimekikodolea kichwa.

Mengine haraka. Handaki la chini ya bahari la mwaka 1932, mita 483, ni bure, lakini aliyeniambia utaona samaki kupitia vioo anitafute. Ni zege mwanzo hadi mwisho. Dongpirang, kile kitongoji cha michoro ukutani kilichonusurika kubomolewa, nenda mapema na usipige kelele, watu wanaishi mle.

Kebo ya kupanda mlima Mireuksan, karibu kilomita mbili, upepo ukizidi inasimamishwa, kwa hiyo usiiache siku ya mwisho. Juu kabisa ni mita 461, na hapo ndipo vita ya baharini ya Hansan ya 1592, Wakorea na Wajapani, ilipoeleweka kwangu. Yi Sun-sin, amiri wa Wakorea, aliwavuta Wajapani watoke kwenye mlango mwembamba wa bahari hadi maji mapana, akawazungushia meli zake kama mbawa za korongo. Vitabuni nilisoma nisielewe. Kule juu unaona wazi kwamba ndani ya mlango ule mbawa zisingefunguka.

Kifungua kinywa nenda soko la Seoho, supu ya majani makavu ya figili na mifupa ya mkunga, unakaa popote hata ukiwa mmoja. Moteli zimejaa nyuma ya bandari. Jumamosi bei inaruka, fika katikati ya wiki, na dai uone chumba kabla ya kulipa, maana kwa pesa ileile kimoja kinatazama boti na kingine kinatazama ukuta wa moteli ya pili.