Nimelipa kuangalia pikipiki zilizosimama

Aisee, Birmingham nilienda kwenye harusi ya binamu yangu, harusi yenyewe siielezi, ilikuwa harusi, pilau ilikuwepo. Siku ya kuondoka ndio nikasema leo najipeleka National Motorcycle Museum, maana mimi nimeendesha bodaboda miaka minne Msamvu, Morogoro, na mtu aliyepeleka hesabu kwa bosi kila jioni miaka minne hawezi kupita karibu na makumbusho ya pikipiki akajifanya hajaona.

Kwenye simu pale na stesheni ya Birmingham International ni pua na mdomo. Nikasema nauli ya nini, natembea. Wee! Jengo limekaa pembeni ya mzunguko wa barabara kuu, magari yanapita kama yanafukuzwa, njia ya miguu nimeianza vizuri baadae siioni tena, na ile mvua yao ambayo hainyeshi wala haiachi. Dakika arobaini naona bendera za jengo kwa mbali na sifiki. Mwisho nikaita teksi, jamaa kazunguka mara moja tu akaniambia paundi kumi na mbili. Dakika tatu bana! Kwa hela hiyo mimi nakutoa Msamvu mpaka Mzumbe, nakusubiri, nakurudisha na ya supu inabaki. Halafu mlangoni tiketi nayo zaidi ya paundi kumi, hapo nimelowa mpaka soksi.

Ndani sasa. Mamia na mamia ya pikipiki, zote za Uingereza, zimepangwa mistari zinang'aa, Norton, Triumph, Vincent, Velocette, na hakuna hata moja yenye tope. Nilisimama muda mrefu kwenye BSA Bantam, kadude ka cc 123, saizi yetu kabisa, nikaanza kupiga hesabu kichwani pale nyuma ingebeba abiria wangapi wa mishikaki. Hata hiyo ramani yake sio ya Mwingereza, BSA waliichukua kwa Mjerumani baada ya vita, ilikuwa pikipiki ya kampuni ya DKW, wao wakaanza kuitoa 1948.

Nikasema kwa sauti, mbona gia iko mguu wa kulia? Maana kwetu kulia ni breki, ukinipa hiyo kwenye foleni naua mtu. Kumbe nyuma yangu kuna mzee, sabini na kitu, kofia mkononi, akacheka akaniambia za kwenu ndio zimekosewa. Basi hapo safari yangu ikaisha, maana saa moja na nusu nilikuwa na yule mzee tu, kumbi nyingine nimezipita mbio.

Alianza kazi kiwanda cha BSA pale Small Heath akiwa kijana, anakaza spoku. Akanionyesha ubavuni mwa injini ya BSA moja ya zamani, bunduki tatu zimeegemezwa pamoja, maana kampuni ilianza 1861 kwa kutengeneza silaha. Halafu akasimama kwa mguu mmoja mbele za watu kunionyesha kiki ya BSA Gold Star inavyopigwa: unaikanyaga taratibu mpaka uisikie imekaza, unaachia, unapandisha mguu tena, ndio unashuka na uzito wote, ukikosea inakurudishia. Akakunja suruali, kifundo kina kovu. Mwaka 1969 Honda wakaleta CB750, unabonyeza kitufe tu inawaka, na wao kiwandani wakawa bado wanacheka, 1973 BSA ikaanguka.

Alichosema kwa uchungu zaidi ni moto. Septemba 2003 kipande cha sigara kiliunguza sehemu kubwa ya hapo hapo, pikipiki kama 380 zikaisha, nyingine watu walikuwa wanazisukuma nje moshi ukiwa juu yao. Wakatengeneza upya, 2004 wakafungua.

Nikamuuliza mzee, sasa haya majina ni ya nani siku hizi? Akaguna. Royal Enfield ilizaliwa Redditch, hapo hapo jirani, sasa inatoka India. Jina la BSA limeshikwa na Wahindi wa Mahindra. Norton? TVS, nao wa India, wameinunua 2020. Nikamwambia rudia. TVS! Ile ile niliyokuwa nailipia mkataba kwa bosi nikikimbizana na matrafiki!

Kwenye treni nikampigia mshikaji wangu mmoja ambaye bado yupo kijiweni, nikamtumia picha ya Norton Commando, tenki linawaka. Kimya, halafu akauliza, kali, ila spea unapata wapi? Nikamwambia mwenye nayo siku hizi ni TVS.

"Ahaa," akasema, "basi zipo hapa kwa Mhindi, kesho nakuulizia bei ya cheni."