Herufi mbili za chini

Juzi tulipopita mbele ya Camp Saio, kambi ya jeshi ya hapa Bukavu, kitindamimba wangu aliniuliza, "Papa, Saio alikuwa nani?" Nikamwambia si mtu, ni mahali Ethiopia ambako askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, waliotoka kwetu Kongo waliwabana Waitalia, mpaka jenerali Gazzera akasalimu amri Julai 1941. Akauliza tena, "Na tate wa medali alikuwa huko?"

Hapana. Babu alikuwa Birmania, Myanmar ya leo, na Birmania haina kambi yenye jina lake hapa Bukavu.

Tangu hapo nakumbuka ile tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, enzi za Zaire, nikiwa na miaka 11. Mnajua siku hiyo kwetu: asubuhi makaburini, mchana kula na wazazi walio hai. Tulishuka Ruzizi na jembe, ndoo ya maji na kopo la rangi nyeusi. Baba alikuwa amefunga medali ya babu kwenye kitambaa, akaitia katika mfuko wa shati. Mvua za miaka zilikuwa zimefuta maandishi yote ya msalaba wa kaburi la babu.

Baba alitaka iandikwe "ancien combattant", mpiganaji wa zamani, kama ilivyo kwenye karatasi za babu. Bibi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, akakataa; alitaka neno la muuguzi.

"Muandike infirmier. Basoda walikuwa bengi."

Babu alikuwa katika kituo cha 10 cha majeruhi cha Kongo ya Kibelgiji, kilichofuata divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Matope, na malaria iliyolaza watu kuliko risasi. Majeruhi walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland. Bibi alikuwa akitusimulia kama alivyosimuliwa: madaktari wazungu walishika kisu mchana, lakini usiku mgonjwa akiita maji, aliita kwa Kiswahili, na aliyeinuka ni babu.

Nilipewa burashi mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri shuleni. Simenti ilikuwa na vinyweleo, ikanywa rangi, kila mstari ukabidi kupitiwa mara mbili. Nilianza na I kubwa, N kubwa zaidi, maana nilitaka isomeke kutoka njiani. Nilipofika INFIRMI, msalaba ukaisha. Nikamwangalia Baba. Hakusema neno. Jasho likanitoka, rangi ikaanza kunidondokea kwenye kidole cha gumba, na nikaandika ER chini yake, peke yao, kama watoto wawili waliokosa nafasi kitandani.

Bibi hakujua kusoma. Akainuka, akapitisha kidole hewani mbele ya kila herufi bila kugusa rangi, polepole, jinsi alivyohesabu maharagwe ya mbegu. Mwisho wa mstari akasimama.

"Na izi mbili za chini ni za nani?"

"Ni za babu, bibi. Zimekosa nafasi juu."

Akaendelea kuziangalia. Baba akafungua kitambaa, akaweka medali juu ya simenti, chini ya zile herufi mbili, akaiacha hapo hadi Bibi alipomaliza sala yake. Kisha akaifunga tena, tukapanda nyumbani.

Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipomvika medali koplo Albert Kunyuku pale Kinshasa, mzee wa miaka 100 aliyetumikia Birmania, Baba aliinuka kwenye kiti, akasimama mbele ya televisheni mpaka picha ikapita. Hakuwa akijua kwamba bado kuna mmoja wao aliye hai.

Rangi yangu nayo imeshafutika. Agosti ijayo nitashuka na mtoto. Nimepima kwenye karatasi: herufi zikiwa na upana wa vidole viwili, zote tisa zinaenea mstari mmoja. Lakini kila nikiichora ER pale juu, naifuta, naishusha tena.