Kicheko kilichompita Shangazi

Dada ameposwa, kazini bosi mpya ameshaanza kuhamisha meza zetu, na bado usiku huu ninachowaza ni jambo la sekunde mbili tu, tukiwa mezani.

Kaka alikuwa anasimulia jinsi Mjomba alivyozunguka nyumba nzima akitafuta simu ilhali anaongea kwa simu hiyohiyo. Tukavunjika mbavu. Shangazi, ambaye ni kiziwi, akatutazama mmoja mmoja, akakunja nyusi: mnacheka nini? Kaka akapunga mkono: si kitu, nitakwambia baadaye. Shangazi akarudi kwenye sahani yake.

Mnacheka nini? Si kitu, nitakwambia baadaye. Hata nikifumba macho nayaona.

Kuna wanaosema kiziwi atasoma midomo. Atasoma nini? Simama mbele ya kioo utamke bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kilekile mara zote tatu. Tofauti iko kooni na puani, mahali jicho halifiki. Watu wakidakizana mezani, anapogundua nani anasema, maneno yameshapita.

Basi nimekuwa nikikipanga upya kisa kile kwa ishara. Kwanza unayapata macho yake: unamgusa bega, unapunga mkono anapoweza kuuona, au unagonga meza mtikisiko umfikie. Kumshika kidevu na kumgeuza ni utovu wa adabu. Usiipe mgongo taa wala dirisha, uso wako utakuwa giza. Kisha unamtaja Mjomba na kumpa mahali pake hewani, tuseme kulia. Tangu hapo ukinyooshea kidole pale umemtaja yeye. Ukipasahau ukaonyesha kushoto, umeingiza mtu mwingine kwenye kisa. Halafu unageuza mabega kidogo, unakuwa Mjomba mwenyewe. Kidole gumba na kidole cha mwisho vikae sikioni, umbo ambalo ni simu katika lugha nyingi za ishara, na mkono huo usishuke hata kidogo. Mkono wa pili upapase mifuko, uinue mto, uvute droo. Macho yahangaike.

Hapo nikajikuta nacheka peke yangu. Kwa mdomo, Kaka alilazimika kusema anaongea, kisha anatafuta, neno nyuma ya neno. Mikononi mambo hayo mawili yanatokea kwa pamoja, na simu iko palepale sikioni, kila mtu anaiona isipokuwa mwenyewe. Kisa kile kilikuwa cha lugha ya Shangazi kuliko yetu! Sisi ndio tuliokipata kikiwa nusu.

Anayejifunza huhangaikia vidole, na uso anauacha umelala. Lakini ishara ina sehemu zake: umbo la mkono, mahali unapokaa, mwendo wake, kiganja kimeelekea wapi, na uso. Mtaalamu wa lugha William Stokoe alichapisha uchambuzi wa tatu za kwanza mwaka 1960, katika ishara za viziwi wa Marekani, wakati wasomi wengi wakiziona ni maigizo tu. Ukibadilisha sehemu moja, umesema kingine. Katika lugha nyingi za ishara, swali la ndiyo au hapana huinua nyusi, la nani au nini huzikunja, na zibaki hivyo mpaka ishara ya mwisho. Zikishuka mapema, swali linageuka taarifa. Na unapozungumziwa, tazama uso, si mikono. Mikono utaiona tu.

Kaka simlaumu sana. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan wakaazimia mtoto afundishwe kwa usemi wa mdomo badala ya ishara, na maazimio hayo hayakukataliwa rasmi mpaka mkutano wa Vancouver mwaka 2010. Kwa muda wote huo nyumba ngapi ziliambiwa zisimzoeshe mtoto ishara? Ila Kaka ishara ya baadaye anaijua vizuri mno. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Shangazi anakuja kesho kushona nguo za posa. Mkono wa simu ninao tayari; unaonisumbua ni ule wa mto, bado unachelewa.